Mwanamieleka wa Kiirua ajifunza kutoanguka

Saa tatu asubuhi, Mutwiri Mithika anapigwa kofi katika ua wa nyumba moja mjini Kianjokoma, Kaunti ya Embu. Anayumba, anazunguka, anaanguka chali. Kuku wa jirani wanakimbilia shamba la chai.

Ni mara ya saba. Aliyempiga, mwigizaji Beverlyne Njoki, ana kilo hamsini na moja. Mutwiri ana mia moja na kumi na nane.

"Kata!" Wanjira, mwongozaji wa filamu, anamwambia Mutwiri. "Baba Kendi, ndugu yako amekufa. Mjane wake anakupiga kwa sababu hukuja mazishini. Wewe unasimama tu. Basi."

"Pole, madam. Mwili umetangulia."

Mwili huo, na isemwe kwa heshima, umekuwa ukitangulia kwa miaka kumi na miwili. Mutwiri, 39, mzaliwa wa Kiirua, Meru, alikuwa mwanamieleka wa maonyesho aliyejulikana kama Ngiri. Alipigana mara 214 katika viwanja vya shule na masoko. Alishinda mara tisa, zote kwa makubaliano.

Kazi ya Ngiri ilikuwa kushindwa vizuri. Katika mieleka hiyo, anayepigwa ndiye hulifanya pigo lionekane, hata kwa mtu aliyesimama nyuma kabisa.

"Mwenzako akikupiga na usianguke, umemdharau," aeleza huku akijipangusa vumbi. "Umeambia watu hana nguvu. Hiyo ni tabia mbaya sana."

Mwaka jana daktari alimwonyesha picha ya goti lake la kulia na kumkataza ulingo. Filamu hii ndiyo kazi ya kwanza aliyoipata tangu siku hiyo, na sasa Wanjira amempa nafasi moja ya mwisho. Chini ya mparachichi ameketi Gichovi, mwalimu kutoka Kanja, tayari amevaa koti kama la Mutwiri. Anakula ndizi kwa utulivu wa mtu asiyemtakia mwenzake mabaya.

Watazamaji kama arobaini, wengi wao wachuma chai, hawasaidii.

"Ngiri, anguka bana! Tumeacha kazi shambani!"

Beverlyne anamvuta kando.

"Kwa hivyo unaanguka kwa kuniheshimu?"

"Ndiyo, dada."

"Basi nidharau. Nimekuruhusu. Nidharau mbele ya watu hawa wote."

Mutwiri anauliza: "Na mama yako akiona hiyo filamu?"

"Nitamweleza."

Kofi la nane si la kuigiza. Linasikika hadi barabarani. Mutwiri anasimama. Mikono haijui iende wapi, macho yanajaa machozi.

"Woi," anasema mwanamke mmoja mwenye kikapu cha chai mgongoni, "huyu ameumia."

Katika mapambano 214, Mutwiri asema baadaye, hakuna mtazamaji aliyewahi kusema hivyo.

Wanjira anasahau kusema kata. Gichovi anavua koti.

Filamu inatarajiwa kuonyeshwa Desemba katika ukumbi wa kanisa moja, Kiirua. Mutwiri ameomba kiti cha mbele kwa ajili ya mkewe, Karambu, ambaye hakuwahi kwenda kumtazama ulingoni hata siku moja.

"Alikuwa anasema hawezi kukaa akiangalia vile naangushwa," asema. "Sasa nitamwambia aje. Kofi liko, lakini nimesimama."