Nyimbo Nilizoziita Hati

Niliporudi kazini Alhamisi ile, mama alinipokea koti mlangoni, jambo ambalo halifanyi kamwe, akaniambia ana kitu cha kunionyesha. Hapo hapo roho ikawa juu juu. Mama yangu akikupokea koti, ujue kuna jambo limeshafanyika na halirudi nyuma.

Juu ya meza ya kulia kulikuwa na karatasi mbili zimelazwa pamoja, zinang'aa. Zimepigwa laminesheni, plastiki juu na chini. Kona zimekatwa mviringo kwa mkasi, hakuna povu la hewa hata moja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba asubuhi hizo mbili zilikuwa karatasi moja iliyokunjwa katikati, kwamba si yangu, na kwamba Jumapili nilitakiwa kuirudisha kwa mwenyewe.

"Ilikuwa inameguka pembeni," mama akasema. "Sasa hata ukiimwagia chai, unafuta tu."

Nikakaa.

Ngoja nieleze, maana nisipoeleza mtaona mama ndiye mkosaji. Mimi nakusanya karatasi za nota za michezo ya nyimbo ya Kimarekani, ile ya zamani iliyokuwa ikionyeshwa jukwaani New York kabla bibi yangu hajazaliwa. Enzi hizo mtu akitoka kwenye onyesho na wimbo umemkaa kichwani, alinunua karatasi yake akaenda kuupiga mwenyewe nyumbani kwenye piano. Karatasi hizo bado zimejaa mji huu wa Toronto, kwenye masanduku ya marehemu na kwenye minada ya makanisa. Ya kwanza niliinunua mtaa wa Malvern, kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vyake mbele ya gereji. Niliipendea picha ya jalada, mwanamke kavaa kofia pana kama sinia la pilau. Leo nina kabati zima la chuma, na sijui kusoma nota hata moja. Haya, chekeni.

Sasa kwetu sisi muziki hauingii ndani. Marehemu baba, akipita penye harusi ya ngoma kule Tanga, alikuwa anaongeza mwendo. Mama ni mtu wa msikitini toka utoto wake, na wenzake wa hapa Toronto wanamtegemea kwa kila shughuli ya akina mama. Alipokuja kukaa nami hapa Crescent Town akaliona kabati, akauliza mna nini humo. Nikamwambia hati. Hati gani? Hati za watu, za zamani, mimi nazihifadhi tu. Akaridhika, nami nikaona nimepona. Nilijiambia si uongo mkubwa, karatasi haipigi kelele. Mtu mzima mimi, kichwa kimeshaingia mvi, bado namwogopa mama yangu kwa habari ya nyimbo.

Na huyo niliyemwambia hati ni nani? Ni mwanamke aliyekaa miaka ishirini kwenye mashine ya laminesheni katika duka letu la steshenari kule nyumbani. Watu wetu mnawajua. Cheti cha kuzaliwa, cha shule, cha ndoa, hata kadi ya kliniki ya mtoto, kikishatoka ofisini kinapelekwa moja kwa moja kupigwa plastiki, kabla mvua na mende hawajakiona. Nusu ya mtaa wetu walihifadhiwa na mikono ya mama. Na alikuwa na sheria yake moja, ambayo alitufundisha sote tuliosaidia dukani: kazi ya mteja haisomwi. Unailaza, unaipitisha, unakata kona, unamrudishia mwenyewe. Alipofika huku, kitu cha kwanza alichonunua baada ya buti za theluji kilikuwa mashine, tena ile kubwa. Ratiba za Ramadhani za jengo zima katengeneza yeye.

Mwenye karatasi ni bibi mmoja wa Kizungu anayekaa Parkdale, umri miaka tisini kasoro kidogo. Tulijuana kwenye meza ya mchuuzi wa makaratasi ya kale. Nililamba kidole nifunue ukurasa, akanikemea mbele za watu kama mwalimu wa chuo. Nikakasirika, nikamjibu, na kwa namna nisiyoielewa mpaka leo tukaishia kunywa chai kwake. Toka hapo, karibu kila Jumapili ya pili nilikwenda. Yeye ndiye aliyenifundisha kutambua chapa ya mwanzo na ya marudio, na kutotia utepe wa gundi kwenye mchaniko. Mimi nilimbebea vitu vya dukani, na yeye alinipigia piano yale niliyonunua nisiyoweza kuyasoma.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya mchezo ulioonyeshwa siku chache ukafungwa kwa kukosa watazamaji. Mama yake bibi alikuwa mmoja wa wasichana waliokuwa wakiimba nyuma ya waimbaji wakubwa, na siku mchezo unakufa alirudi Toronto na nakala hiyo moja. Sijapata kuona nyingine, wala wachuuzi ninaowajua hawajapata. Mwisho wa mwezi ule bibi alikuwa anahamia nyumba ya wazee, chumba kimoja, piano haiingii. Nikamwomba aniazime wiki moja niipige picha mchana kwenye mwanga mzuri. Alinitazama mpaka nikajuta kuomba. Kisha akaitia kwenye bahasha ya kaki akasema haijapata kutoka nje ya nyumba ile toka azaliwe.

Nami nikaiacha juu ya kabati, bahasha wazi, kwa sababu Alhamisi asubuhi nilikuwa nimechelewa kazini. Jalada lake halikuwa na picha. Lilikuwa na maandishi makubwa tu na mapambo pembeni, ungeliona ungesema cheti cha ndoa. Mama alisema hivyo mwenyewe, kwamba alidhani ni cheti cha ndoa cha mtu, na akaona huruma kinavyosagika.

Nilimjia juu. Sijivunii. Nilimwambia ameniua, ameharibu kitu kisicholipika, nani alimtuma, kwa nini hawezi kukaa tu bila kushika vitu vya watu. Mama alizikusanya zile karatasi mbili polepole, akazifuta kwa upande wa mtandio, akauliza ni cheti cha nani. Nikamwambia si cheti. Nikamwambia yote basi, kabati zima ni nyimbo, nyimbo za jukwaani, za wasichana na mabwana zao, na hiyo pia ni wimbo. Nilisema kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye aliyenidanganya.

Akazirudisha mezani.

"Ungeniambia ni nyimbo," mama akasema, "nisingeigusa."

Akaenda kutia maji ya chai. Hakuna alichonitukana, hakuna hadithi wala aya aliyonisomea. Bora angenisomea.

Ijumaa sikufanya kazi ya maana. Mimi ni mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na siku hiyo niliwapangia wagonjwa wawili kiti kimoja kwa saa ile ile. Wakati wa chakula nilijificha kwenye chumba cha mafaili nikampigia fundi mmoja wa kukarabati karatasi za kale. Nilipomaliza kueleza, akaniuliza kama mashine ilikuwa ya moto. Ya moto, nikasema. Basi gundi imeshayeyuka ikaingia ndani ya karatasi, akasema, ukiibandua plastiki, wino unatoka nayo. Alinipa pole kama ya msiba.

Hapo akili ikaanza kunipeleka pabaya. Nitamwambia bibi nimeisahau kwenye treni. Nitamwambia bomba lilipasuka jikoni. Nitaugua Jumapili, na Jumapili ya pili, mpaka ahame na shughuli za kuhama zimsahaulishe. Nilizipanga moja moja, nikizijaribu kama viatu. Kila nikitulia namwona anavyonitazama akiwa na bahasha mkononi. Jumamosi nzima nilikuwa nafungua kabati na kulifunga, sijui natafuta nini.

Mama ndiye aliyeamua. Jumamosi alasiri alisimama jikoni akakaanga visheti, kopo zima, bila kuniambia ni vya nani. Alipomaliza akasema kesho tunakwenda wote. Nikamwambia haina haja, mama, ni mbali, baridi, kuna piano mle ndani. Akasema kazi imetoka mikononi mwake, na radhi inaombwa ana kwa ana, haitumwi na mtu. Piano, akasema, si atakuwa haipigi sisi tukiwepo?

Jumapili tukapanda treni ya chini toka Victoria Park, kisha basi la kuteremka mpaka barabara ya Queen. Mama kapakata kopo la visheti, mimi nimebeba zile karatasi ndani ya mfuko wa duka kwa sababu haziingii tena kwenye bahasha yake. Zilikuwa zinapiga kelele kila nikijitikisa. Kila kituo nilitamani treni iharibike. Mama alikuwa ananong'ona dua, nami sikujua anamwombea nani kati yetu.

Bibi alifungua mlango akaona tuko wawili, akafurahi. Kila mara alikuwa akiniuliza lini nitamleta mama. Sebule ilikuwa imeshaanza kuwa tupu, maboksi ukutani. Akatukaribisha tuketi, akapokea visheti. Mama hakuketi. Alisimama pale mbele yake na mtandio wake mzuri wa Idi, akaniambia nitafsiri, akasema: "Mwambie ni mimi. Nilitaka isimuharibikie. Mwambie anisamehe."

Nikautoa mfuko. Kiingereza changu, ambacho nimekiongea miaka ishirini na mbili, kilinitoka vipande vipande kama cha mgeni aliyeshuka jana. Nilisema. Nikasema na la kwangu pia, kwamba mama alidanganywa, kwamba mimi ndiye niliyemwambia ni hati.

Bibi alizipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliinamisha moja, ikakataa kupinda. Aliisogeza puani, akaiweka chini. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nilitaka akasirike, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira toka Alhamisi, nimeshajipangia mpaka pa kusimama. Yeye akamshika mama mkono, akampigapiga juu ya vidole, akasema kwamba kazi ni safi sana. Nikatafsiri. Mama akainamisha kichwa.

Kisha bibi akanyoosha mkono juu ya piano, akachukua penseli. Ilikuwa imeshachongwa na imewekwa pale peke yake. Akaivuta ile karatasi ya jalada karibu, akanionyesha kona ya juu, kulia, ambako kulikuwa na majina mawili yaliyoandikwa kwa mkono, la mama yake, na chini yake lake mwenyewe la utotoni, herufi kubwa zimepinda. Chini ya la pili palikuwa na nafasi.

Akaweka ncha ya penseli hapo. Ikateleza. Akakaza, ikateleza tena, haikuacha alama yoyote. Akaiweka penseli juu ya plastiki, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alipoiweka kwenye bahasha hakuwa ananiazima, alikuwa ananipa. Alitaka tu nirudi nayo Jumapili aniandikie jina langu chini ya lake.

Sikuweza kumtazama. Nikatazama kopo la visheti.

Mama akanigusa kiwiko. "Amesema nini?"

Uongo ulinijia tayari, umetengenezwa vizuri, mwepesi: amesema ahsante, amesema hakuna neno. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mama alikuwa ananisubiri, macho yameshangaa, uso umeanza kutulia kwa vile bibi hakufoka.

Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili kisichokuwa na pa kujificha. Mama akaitazama ile kona, akapitisha kidole gumba juu ya plastiki alivyozoea kufanya dukani kutafuta povu, akafika kwenye ile nafasi, na kidole kikabaki pale.