Jina la Baba Katika Dua ya Mwaka

Baba yangu alizaliwa Songo Mnara, lakini hakurudi tena. "Kwetu wameisha wote," alikuwa akisema. Hata hivyo, kila Julai alitusimulia jinsi walivyokuwa wakioga mwaka baharini, kuukaribisha mwaka mpya wa jadi. Zuhura, mwalimu mwenzangu aliyeolewa kisiwani huko, aliponialika kwenye sherehe hiyo, nilimdanganya baba kuwa nina semina Kilwa.

Ijumaa alfajiri tuliondoka Lindi kwa basi. Alasiri tukapanda boti Kilwa Masoko, na magharibi tukafika kwa wakwe zake Zuhura. Nilijitambulisha kama mwalimu kutoka Lindi, basi.

Asubuhi wanawake walizoa majivu ya mekoni, wakayamwaga njia panda, kisha tukaingia baharini na nguo zetu, tukirushiana maji na kutukanana kwa utani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Saa nne tuliketi mikekani kwa dua. Mwalimu wa madrasa akawa anawataja marehemu wa kisiwa, mmoja mmoja.

"Shomari Mbwana Kitwana, aliyezama na chombo."

Niliinuka mkekani.

"Huyo ni baba yangu!" nilipiga kelele. "Yuko hai! Jana nimemwacha anakula muhogo!"

Dua ikakatika. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka, akanishika kidevu, akanitazama sana.

"Mimi ni Mwanaidi," alisema. "Shomari ni kaka yangu. Nimemkalia matanga."

Nilimpigia baba simu, nikaweka sauti kubwa. Aliposikia Mwanaidi akiita, "Kaka?" alikata.

Jumapili shangazi alikuja nami Lindi. Njia nzima alikuwa ameibana kanga mdomoni.

Baba alikuwa barazani. Alipomwona shangazi, alisimama.

"Shikamoo, kaka."

Baba alimsogezea kigoda. Ndipo aliposema, "Nilizamisha chombo cha mzee wetu. Niliogelea mpaka nchi kavu, nikaona haya kurudi." Kisha akauliza, "Mama je?"

"Alifuata mwaka wa tatu baada ya wewe kufa," shangazi akajibu. "Kila boti ikija, alikwenda kutazama."

Baba alijifunika uso kwa kofia yake.

Shuleni wananiuliza nimejifunza nini huko. Nawasimulia majivu na kuoga. Nilichojifunza hasa ni kwamba nina shangazi, na kwamba baba yangu, mtu niliyemwamini kuliko wote, alimwacha mama yake amlilie, naye yuko hai.