Birika la Karani na Zabibu za Padri

Juzi nilikuwa stesheni ya Tabora, kwenye dirisha la vifurushi, nikingoja gunia langu la mchele kutoka Igalula. Mbele yangu alisimama padri wa Kitaliano. Tangu vita viishe, hii ilikuwa mara ya kwanza kuletewa vijiti vya mzabibu kutoka kwao, naye alikuwa safarini Sikonge vilipofika. Majuma mawili yalikuwa yamepita. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kuzika.

Karani, Mwislamu wa hapa mjini, akaweka fungu mezani. Vijiti vimechipua.

"Niliona vinakauka," akasema. "Kila nikitawadha, maji yanayobaki kwenye birika navimwagia."

Padri akagusa chipukizi kwa ncha ya kidole, kama anayegusa shavu la kichanga. "Hii inaitwa sanjovese. Zabibu nyeusi, ina uchachu kidogo, wala haina haraka. Utaingoja miaka mitatu ndipo izae."

"Ikizaa mnaifanyia nini?"

Padri akatazama dari kidogo. "Divai, Bwana Karani."

Karani akalitazama birika lake, kisha vijiti.

"Na ikiiva, inalika hivi hivi?"

"Inalika."

"Basi mimi nimemwagilia matunda. Hayo mengine utajibu mwenyewe." Akamsogezea kitabu atie sahihi. Padri alipofika mlangoni, karani akamwita. "Padri, usinisahau kwa kikapu kimoja. Kabla hujazikamua."

Nimesikiliza hotuba nyingi za wakubwa kuhusu kuishi vema na jirani. Hakuna aliyewahi kutaja birika.