Ubao wa Mlango wa Holi

Miezi sita baada ya kumaliza chuo kikuu, katikati ya miaka ya tisini, nilipata kazi ya majaribio katika shamba moja la chai upande wa Kericho. Nilikuwa karani wa maslahi ya wafanyakazi. Nikipita majaribio, ningeandikwa. Nikishindwa, ningerudi Kaplong kwa mama, ambaye tayari alikuwa ameliambia kanisa zima kwamba nimeandikwa.

Jukumu moja lilininyima raha. Kila Jumamosi alasiri wafanyakazi walionyeshwa video katika holi. Nilipaswa kuitazama kaseti kwanza, kisha niandike kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: FAMILIA au WAKUBWA TU.

“Nitapima kwa kipimo gani?” nilimuuliza ofisa, mkubwa wangu.

“Wewe ndiye umesoma,” akajibu bila kuinua macho.

Jibu hilo nililishuku wiki nzima. Mbona hakutaka kupima mwenyewe? Karani wa kupokea majani alikuwa na sheria yake: majani mawili na chipukizi, yaliyokomaa yanatupwa. Mimi nilikuwa na kibandiko tu kwenye jalada la kaseti, herufi za daraja la umri zilizowekwa na watu wa ng'ambo nisiowajua. Waliitazama wakiwa wameshiba? Kuna hata mmoja wao aliyekuwa na watoto?

Picha ya kwanza ilikuwa ya vita. Kibandiko kilikataza watoto, nami nikaandika WAKUBWA TU. Fundi mmoja wa kiwandani, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alifika na watoto wake watatu.

“Karani, umefungia watoto wangu nje kwa nini?”

“Wanauana sana, mzee.”

“Si ni mchezo? Huyo anakufa leo, wiki ijayo utamwona kwa picha ingine anaendesha gari!”

Foleni nzima ilicheka. Nilishuku walikuwa wamepanga.

Wiki iliyofuata nilitafuta picha isiyo na damu. Mbwa anapotea, anarudi, mwishoni kuna harusi. Kibandiko kilisema inafaa kila mtu. Niliandika FAMILIA, nikapiga mstari chini.

Fundi aliniamini. Alileta mke, watoto, na mama mkwe wake aliyekuja kuwatembelea. Mama aliketi mbele na wajukuu. Fundi akaketi nyuma kabisa, kwa heshima ya ukwe, wasikutane macho. Mbwa alipotea, holi ikahuzunika. Aliporudi, wakapiga makofi. Kisha bwana harusi akambusu bibi harusi, na kamera haikuondoka. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Mlango ulikuwa mbele, karibu naye. Fundi akaruka nje kupitia dirishani.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu nilimkuta fundi ofisini kwa mkubwa wangu.

“Kijana,” akaniambia, “mama mkwe amekunja nguo, anataka kurudi nyumbani. Hiyo familia uliandika ni ya nani?”

Ofisa akaweka kalamu chini. “Jumamosi hii,” akasema, “halafu nitaamua juu yako.”

Sikulala vizuri. Jumamosi nilirudisha picha ya vita, na safari hii sikuandika daraja lolote. Niliandika: WANAUANA MWANZO MPAKA MWISHO. HAKUNA ANAYEMBUSU MTU.

Fundi aliusoma ubao mara mbili. “Una hakika?”

“Nimeitazama mara tatu, mzee.”

“Hata shavu?”

“Hata shavu.”

Akaingia, akaketi nyuma, lakini karibu na dirisha. Mama mkwe, aliyekuwa amebembelezwa akabaki, alikaa mbele na wajukuu, akishangilia kila risasi.

Niliandikwa. Barua ilikuja na fomu ya tathmini iliyojazwa na ofisa: “Busara: B.” Niligeuza karatasi nyuma. Hakukuwa na maelezo. Nilifika mpaka mlangoni pake nimuulize alipima kwa kipimo gani, nikasimama hapo, kisha nikarudi. Angeweza kufikiria upya.