Kilichotolewa Kifuani Mwangu

Kina mama, mmenisimamisha hapa mbele niwaeleze nilivyopona, na nitawaeleza yote, hata yale ya kuona haya. Ila kwanza mjue mimi ni mtu wa aina gani. Sikuzaliwa kuamini watu haraka. Ukinipa chai, nangoja nione kama na wewe unakunywa. Msinicheke, nusu yenu mko hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka pale Malava, na sare nyingi za watoto mlizokuwa mkiziona barabarani zimepita mikononi mwangu. Tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka Nairobi, baada ya mume wangu kuhamishiwa ofisi za serikali hapa Kakamega. Kule Nairobi ndiko nilikokatwa titi la kushoto. Lilikuwa na uvimbe mbaya, wakaondoa uvimbe na titi lenyewe. Daktari wa huko akaniambia nisilie, atanitilia jingine la bandia. Akaniwekea chini ya ngozi mfuko laini wa silikoni, ndani yake mna kitu kizito kama uji uliopoa. Nikavaa blauzi zangu kama kawaida. Hapa nyumbani aliyejua ni mume wangu peke yake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini lile titi lilipoanza kukaza. Nilidhani ni baridi ya Julai. Kumbe wapi! Likawa gumu kama kiazi kibichi, likapanda juu kuelekea begani, lile jingine limebaki chini. Nikilala ubavu, naumia. Nikikaa kwenye cherehani, mkono wa kushoto unaoshika kitambaa unawaka moto hadi kwapani. Redioni nako nikasikia wanawake wa ng'ambo wanalalamika kwamba mifuko yao inapasuka. Nikaizima redio.

Basi nikaanza kushuku watu. Nilimshuku yule daktari wa Nairobi kwamba aliniwekea mfuko mbovu. Nikamshuku mume wangu kwamba alijua akanyamaza. Na kuliko wote nikamshuku mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Kukhu, yaani nyanya, na mimi pia namwita hivyo. Huyu mama alikuwa na macho! Siku moja tunaanika mahindi uani, akaniangalia kifua akasema, "Hiyo kifua yako iko namna gani? Moja inaangalia barabara, ingine inaangalia mbinguni."

Nikamwambia ni sidiria mbaya.

"Sidiria gani? Wewe umetupiwa kitu. Ngoja niite mama wa kuumika."

Nyinyi mnamjua mama wa kuumika. Anakuchanja kwa wembe, anabandika pembe ya ng'ombe juu ya damu, anafyonza, halafu anatema mfupa au nywele na kukuambia ndivyo vilivyokuwa ndani yako. Nilishtuka vibaya. Wembe upite juu ya ule mfuko, si utapasuka? Na tena nikajiuliza, Kukhu amejuaje kwamba ndani mna kitu? Tangu siku hiyo sikula chakula chake mpaka niwe nimeona kikipikwa.

Kesho yake nikamburuta mume wangu hadi hospitali. Daktari akanibonyeza, akaniuliza mambo mengi, akasema mfuko lazima utoke.

"Mama, mwili ukiwekewa kitu kigeni, unakizungushia ukuta wa kovu," akanieleza. "Wako umekuwa mnene, sasa unaubana mfuko."

"Kwa hivyo miaka hii yote mwili wangu haujamwamini mgeni?"

"Hata kidogo."

Heh! Angalau hapo nilijua mwili huu ni wangu kweli.

Nilikubali kupasuliwa, lakini nikamwambia daktari chochote atakachotoa akiweke kwenye chupa nikione kwa macho yangu. Mume wangu akaninong'oneza, "Unatuaibisha." Nikamwambia aibu ni yake, kifua ni changu.

Nilipozinduka, koo lilikuwa kavu na kifua kimefungwa bandeji. Chini ya kwapa ulitoka mrija uliochuruza maji mekundu kwenye kichupa. Nikatapika. Nilipoweza kukaa, nikaitisha chupa yangu. Nikaona mfuko umegeuka rangi ya manjano, na kando yake ganda jeupe, gumu, lililopasuliwa vipande. Niliugeuza ule mfuko kwenye mwanga wa dirisha kila upande. Haukuwa umepasuka. Nikaifunga ile chupa, na siku ya kuruhusiwa nikaenda nayo nyumbani, maana sikutaka kuiacha mikononi mwa mtu. Kukhu tulimwambia nimetolewa jipu la kwapani.

Nilidhani nimemaliza. Bandeji ilipotoka, nikaukagua mshono. Ulikuwa umenyooka, hapo siwezi kusema uongo. Lakini ngozi ilikuwa imebonyea na kujikunja, mfano wa kitambaa kilichoshonwa kikiwa kimevutwa. Wiki zilivyozidi kwenda, chini ya mshono nikagusa donge gumu. Kwapani kukawa na kamba iliyokazika, na mkono haukupita bega. Sikuweza kuanika nguo. Sikuweza kusuka nywele za binti yangu. Cherehani ikakaa na vumbi.

Hapo ndipo hofu ilinishika kweli. Ama ule ugonjwa wa kwanza umerudi, ama wamesahau kitambaa ndani. Fundi gani hajawahi kusahau pini kwenye pindo? Na mimi nina watoto wadogo. Nilimwangalia binti yangu akifunga viatu nikalia machozi.

Nikarudi kwa daktari nikamwambia waziwazi, "Umesahau kitu humu ndani." Hakukasirika. Akapiga picha, akachoma sindano kwenye donge, akapeleka kupimwa. Majibu yalipokuja akasema, "Si kitambaa, na ugonjwa haujarudi. Ni kovu, limeshikana na nyama ya chini. Ulisugue kwa mafuta kila siku, na vidole uvipandishe ukutani, pole pole, mpaka mkono ukubali. Ukiendelea kuuficha, utabaki hivyo."

Mnafikiri nilimwamini? Mtu anakagua kazi yake mwenyewe! Nikaenda kwa daktari mwingine, upande wa Mukumu, nikamficha kwamba nimetoka kwa mwenzake. Akaniambia maneno yale yale. Nikawaza, hawa wamepigiana simu.

Lakini hofu ya kubaki bila mkono ilinizidi. Nikaanza mazoezi. Nasimama kando ya ukuta wa chumba cha kulala, napandisha vidole hadi machozi yanatoka, na pale nilipofika naweka mstari kwa kipande cha makaa. Mistari ya mwanzo ilikuwa imerundikana pamoja, karibu na ukingo wa chini wa dirisha.

Mchana mmoja nikatoka kisimani nikamkuta Kukhu ndani ya chumba changu, ameshika ile chupa. Ameisogeza mbali na mwili wake.

"Mistari kwa ukuta," akasema. "Na kitu ndani ya chupa, chini ya kitanda. Tangu akuoe, kijana yangu haendangi popote jioni. Nimekuwa nikijiuliza. Ni yeye umefungia hapa?"

Kina mama, nilicheka mpaka mshono ukauma! Kumbe muda wote nikimshuku kuwa mchawi, yeye ananishuku mimi! Kisha kicheko kikaniisha, nikaona mama wa watu anaogopa kweli. Nikafungua vifungo vya blauzi. Ilikuwa aibu, mkwe kumvulia mkwe, lakini nilifungua.

Akaangalia. Akagusa kovu kwa kidole.

"Mayi! Walikukata hivi na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nimelogwa."

"Si ndiyo ungekuwa umelogwa!"

Halafu akasema kile kitu kizikwe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pale makondo ya watoto wangu yalipozikwa. Kitu kilichotoka kwenye mwili wa mke wa boma hakikai chupani. Akataka kwenda nacho. Nikakataa, nani anajua atakizika wapi? Nikasema nitazika mwenyewe. Akakataa, nani anajua nitakifukua lini? Tukaishia kushika jembe moja pamoja, kila mmoja akichunga mikono ya mwenzake. Tulipomaliza, tukaburuta jiwe kubwa tukaweka juu.

Jioni hiyo akaja na samli kwenye kibakuli. "Lala nikusugue." Nikamwambia ajipake yeye kwanza. Akajipaka mkono mzima akinitukana. Basi nikalala. Vidole vyake vilikuwa vigumu, nilipiga kelele, lakini alikuja tena kesho yake, na siku zote zilizofuata. Donge likalainika. Kamba ya kwapani ikaachia. Hata mistari ya ukutani alianza kuichora yeye, ati nisije nikajidanganya.

Namshukuru Mungu, na madaktari wale wawili, hata kama walipigiana simu. Na nyinyi nawaambia: jiguseni vifua vyenu. Ukiona kitu kimekaza, usikae nacho, na usikubali wembe. Uliza, na usiporidhika uliza kwingine. Kushuku si vibaya, bora kukufikishe hospitali. Na ukishapasuliwa, usiuhurumie mkono, usugue na kuunyoosha hata ukilia.

Majuzi asubuhi nilienda migombani kuangalia kama lile jiwe limeguswa. Nikamkuta Kukhu ameinama pale pale.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Na wewe?"

Juu yetu mkungu ulikuwa umekomaa, nikaunyooshea mkono huu wa kushoto, nikaushika, nikaukata kwa panga nililoshika kwa mkono wa kulia. Kukhu akautazama mkono, kisha akanipokea mkungu.

"Umepita mstari wa mwisho," akasema.