Mtani Alipofuta Kompyuta Yangu

Kompyuta yangu ilinikataa asubuhi ya Jumatano, dada yangu akiwa ameshaketi kwenye kitanda changu hajavua hata ushungi. Niliandika neno la siri, kioo kikawa cheusi kidogo, kisha kikanirudisha palepale mlangoni na kuniuliza tena mimi ni nani. Nikaandika upya. Kikanirudisha. Mara ya nne nilianza kujitilia shaka mwenyewe.

"Haikujui?" dada akauliza.

"Inanijua. Imechoka tu."

"Umeiwasha sasa hivi. Imechoshwa na nini?"

Dada alikuwa ametoka Kiongoroni kwa boti, akalala Nyamisati kwa wenyeji, alfajiri akapanda gari mpaka Kibiti. Safari yote hiyo aliifanya kwa ajili ya majina. Ijumaa alikuwa anasomesha hitima ya wazee wetu, ya kwanza tangu mama afariki. Kwetu hitima haisomwi hivihivi. Mwalimu hupewa karatasi yenye majina ya marehemu wa ukoo, mmoja mmoja na baba yake, ayataje yote kabla ya dua. Aliyesahaulika, husema wazee, hubaki nje ya mlango akisikiliza sahani zinavyogongana ndani. Na aliyekuwa na majina hayo kichwani, mpaka ya waliozikwa ng'ambo kabla mto haujahama, alikuwa mama peke yake.

Mama hakuwa mjinga. Aliona siku zinakwenda, akaniita nimwandikie. Aliniita mimi, akamwacha dada mwenye akili, kwa kuwa mimi ndiye niliyemalizishwa kidato cha nne kwa mpunga wake. Aliniambia nichukue daftari. Nikachukua simu. Kuandika niliona ni mambo ya zamani. Nikamrekodi, nikahamishia sauti kwenye kompyuta, nikamwambia dada majina yapo salama salimini, nikaondoka.

Kuondoka ndiyo kazi yangu ya kudumu. Nyingine zote zimekuwa za muda. Nimeuza vitenge Songea, nimelinda ghala la korosho Masasi, nimeshinda Tunduma mwaka mzima nikifanya kitu ambacho mpaka leo siwezi kukieleza. Nikifika mahali naanza kukumbuka nilikotoka. Nikirudi nilikotoka naikumbuka barabara. Kwa hiyo kila mahali napiga picha, narekodi, naweka. Sifuti kitu.

Kompyuta yenyewe ni ndogo kama sinia la kahawa, na nafasi yake ya kuhifadhia ni gigabaiti thelathini na mbili. Niliinunua imetumika, na siku hizo ukiiwasha ulikuwa na muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Jamaa mmoja tuliyekutana gesti huko Masasi akanifutia mfumo wake mzito na kuniwekea programu huria, ile nyepesi inayotengenezwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure. Ikaanza kukimbia. Tangu siku hiyo nikawa mhubiri. Nilimhubiria muuza chipsi. Nilimhubiria dereva wa bodaboda akiwa ananidai nauli yake. Zaidi ya wote nilimhubiria fundi cherehani ambaye ninachangia naye baraza, mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta na hakuniomba chochote.

"Haina virusi, haina malipo, na haichoki," nilikuwa namwambia, naye akikata suruali ya watu.

Fundi huyo ni mtani wangu. Watu wa kwao na watu wa kwetu wametaniana tangu kwa mababu, kwa hiyo ana haki ya kunitukana na mimi sina haki ya kununa. Asubuhi ile alisikia yanayoendelea chumbani, akasimamisha cherehani.

"Mtani! Ile isiyochoka imefanyaje?"

Niliinamia kioo. Nilikuwa nimekumbuka hila moja: ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, mapambo yote ya kioo hupotea na unabaki na kioo cheusi cha maandishi matupu, ambacho huwa kinakupokea hata kama mlango wa mbele umefungwa. Nikapita huko. Nikaiuliza imebakiwa na nafasi kiasi gani. Ikajibu sifuri. Imejaa asilimia mia. Ilikuwa inanikataa kwa sababu haikuwa na mahali hata pa kuandika kwamba nimeingia.

Nyuma ya daftari langu la madeni ya chai nilikuwa nimenakili amri chache za kufanyia usafi. Nikazichapa moja moja, ulimi nje. Nikafuta mafurushi ya programu ambayo mfumo huyaweka baada ya kusakinisha, kama mtu anayetunza maboksi ya viatu. Nikafuta matoleo ya zamani ya mfumo wenyewe. Nikapunguza daftari lake la matukio, ambamo kila siku ilikuwa inaandika malalamiko, na kwa jinsi nilivyoyasoma, mengi yalinihusu. Kisha nikarudi mlango wa mbele, nikaandika neno la siri, nikapokelewa. Nikajipigia makofi. Dada hakupiga.

"Haya, mama yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka hekima yangu nyingine. Mwaka uliopita, ili kubana nafasi, nilizikusanya sauti zote, zaidi ya mia mbili, nikazifunga kuwa furushi moja lililobanwa. Kulifungua kulihitaji gigabaiti nane. Nilikuwa na moja na kidogo. Ukiniuliza flashi, nilikuwa nayo, na ilikuwa imejaa vilevile.

"Futa vitu basi," dada akasema. "Gari ya Nyamisati ni saa saba, na boti inafuata maji, haimngoji mtu."

Nikaanza na kapu la taka. Nilikuta humo hata vile vichache nilivyodhani nimevifuta kwa miaka mitano. Kumbe nilikuwa nafagia chumba na kusukumia uchafu uvunguni. Kabla sijalimwaga nikachungulia kidogo, nikaona picha ya mzani wa korosho, nikaona si vizuri, nikairudisha. Nikarudisha na nyingine.

"Unafuta au unarudisha?" dada akauliza nyuma ya sikio langu.

"Nachambua."

Akalimwaga yeye. Bado nafasi haikutosha. Tukafungua picha.

"Hii nini?"

"Kituo cha mafuta, Nyamwage."

"Kina nini?"

"Nilikunywa chai pale."

"Na hii?"

"Palepale. Siku ya pili yake."

Dada alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia kwenye mchele. Ilikuwa saa tano na nusu. Akaenda mlangoni. "Mtani! Hebu njoo umwone mwenzio, mimi nimeshindwa."

Fundi akaingia na futi yake shingoni. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akamgeukia dada.

"Kwani mtu akifa, nguo zake nani anazitoa?"

"Watani," dada akasema.

"Basi huyu amekufa. Mungu amrehemu. Marehemu, ondoka kwenye kiti, kalale mkekani tufanye kazi."

Hakuwa ametunga kitu. Ndivyo tunavyofanya. Mfiwa hakabidhiwi kazi ya kupanga vitu vya marehemu, maana kila shati litamwangusha. Huachiwa watani, nao huifanya kwa kelele: wanavaa kofia ya marehemu, wanatembea kama yeye, wanamsema ubahili wake, na wafiwa wanapomaliza kucheka kabati limeshakuwa tupu. Nikakaa mkekani. Nilimwonyesha dada kitufe cha kubonyeza, halafu nikasema kwamba labda tungeanza na zile za—

"Maiti haisemi," mtani akanikata.

Akawa anatangaza, dada anafuta.

"Marehemu alipenda mabasi. Haya mabasi mia mbili. Mabasi hayakumpenda, tazama, yote yamepigwa kwa nyuma, yanamwacha. Yaende."

Yakaenda.

"Hapa marehemu amepiga picha sahani ya wali na kambale. Hapa amepiga sahani hiyohiyo imeisha. Alitaka ushahidi. Ziende."

"Na hii video?" dada akauliza. "Ndefu hii."

Wakaicheza. Ilikuwa mvua ikinyesha juu ya bati.

"Dakika ishirini za mvua!" mtani akapiga kelele. "Mvua imekwisha duniani?"

"Hiyo ni ya Ngarambe," nikasema. "Ilikuwa ya kwanza baada ya—"

"Maiti!" wakasema wote wawili.

Dada alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, na mimi nilianza kuona wepesi fulani, ingawa sikukubali. Kisha ikaja picha ya mwanamke amesimama mbele ya duka Tunduma, mbuzi pembeni yake. Mtani akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

"Huyu abaki?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Huyu abaki," akamwambia dada kwa sauti ya kawaida. "Lakini kama kuna namna ya kumtoa mbuzi, mbuzi aende."

Saa sita ilipopita nafasi ilikuwa imepatikana. Furushi likafunguka polepole, na kwa kutazama tarehe tukaipata sauti ya mama. Wiki mbili baadaye mtu mmoja aliniambia kwamba ningeweza kuchomoa sauti ile moja tu kutoka kwenye furushi bila kulifungua lote, na bila kufuta hata basi moja. Sijamwambia mtani. Anayesoma hapa naye asimwambie.

Mama alianza kwa kukohoa. Kuku akalia. Mtani akatoka kwenda barazani bila kuambiwa, na cherehani haikulia tena. Dada akanisukumia daftari.

"Andika wewe. Alikuambia wewe."

Mama akitaja, dada anasimamisha, mimi naandika. Alianza mbali, kwa babu wa babu yake, akashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani, anapapasa kwanza kisha anakanyaga. Katikati akanyamaza.

"Unaandika lakini?" akauliza mle ndani.

Na sauti yangu, nyepesi, ya mtu ambaye macho yake yako kwingine, ikajibu: "Naandika, mama."

"Nisomee hilo la mwisho."

Kuku tena. Kisha nikajisikia nikisema: "Endelea tu mama, betri inakwisha."

Dada akasimamisha sauti. Nilimsubiri anitukane, nilitaka anitukane. Alitazama mikono yake tu. Barazani, mtu mwenye ruhusa ya kuniambia lolote duniani naye hakusema kitu. Kisha dada akabonyeza, mama akaendelea, hakurudia lile swali.

Yalikuwa majina arobaini na moja. La arobaini na mbili mama hakulitaja, tulimwandika wenyewe, yeye na baba yake.

Tulifika stendi gari imeshawashwa. Dada alikaa dirishani, akakunjua karatasi tuliyoichana daftarini, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hapa umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Na hapa?"

Nikamsomea, baada ya kufikiri kidogo.

"Na hili?"

La kumi na tisa. Nilikodoa macho. Niliandika haraka, na mwandiko wangu haujawahi kusifiwa na mwalimu yeyote. Nilianza kusema jina moja, nikaliacha, nikasema jingine.

"Mwalimu atalisomaje hili?" dada akauliza. "Panda."

"Dada, sina nguo. Kompyuta nimeiacha inawaka."

"Mtani ataizima."

"Hajui kuizima."

"Itajaa tena au itakufa, vyote vitakupata ukirudi. Panda ukawasomee wewe. Hukusoma siku ile, utasoma Ijumaa."

Kondakta akauliza tuko wangapi. Dada akasema wawili, akalipa. Nilipanda na kandambili zangu za chumbani, mimi niliyezunguka nchi nzima na sikuwa nimekanyaga Kiongoroni tangu tumzike mama. Tulipofika Bungu nilikuwa nimeshayasoma majina yote mara mbili kwa sauti, abiria wa mbele wakigeuka kunitazama, na kwenye la kumi na tisa bado tulikuwa tunabishana.