Gauni la Kijani la Mwanamke wa Pichani

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, bosi wa baba alihama nchi, akauza vyombo vya nyumba. Mama alimtuma baba akanunue friji. Akarudi Kitengela na picha ya kuchorwa, kubwa kama dirisha: mwanamke wa kizungu ameketi, gauni la kijani linang'aa, mabega wazi, anakutazama kama umeingia bila kubisha.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Simjui. Ni sanaa."

"Na friji?"

Baba akaenda kutafuta msumari.

Mchungaji alipokuja kunywa chai, mama alimfunika yule mwanamke mabega kwa kitambaa cha kochi. Mchungaji akamtazama kwa huruma, akauliza kama anasikia baridi.

Lakini shule zilipofungwa, nilianza kumkuta mama mbele ya picha, mwiko mkononi.

"Kuja karibu," akaniambia. "Ni madoa tu ya rangi, si ndiyo? Sasa rudi nyuma. Unaona vile hariri inaangukia goti?"

Niliona. Tangu siku hiyo sikuweza kuipita bila kusimama.

Binamu yangu alipokaribia kuolewa kule Kisaju, mama alinunua kitambaa cha kijani, tukaibeba picha hadi kwa fundi wa nguo. Fundi aliikagua kwa muda mrefu.

"Mama, mbele nimeona. Nyuma kukoje?"

Mama akaigeuza picha. Tukakuta mbao na buibui aliyekufa.

"Na huyu ameketi," fundi akaendelea. "Akisimama, gauni inafika wapi?"

"Tumia akili yako," mama akasema.

Fundi akaitumia yote. Mbele, gauni lilikuwa lilelile la pichani, ila mabega mama alitaka yafunikwe. Nyuma, fundi alishona ua kubwa kama kabeji, na mkia uliofagia vumbi la uwanja mzima wa harusi. Watoto wawili waliukanyaga. Bibi mmoja Mmaasai, jirani wa bwana harusi, alilishika lile ua, akaliminya, akauliza kama ndani kuna kitu.

Mama alitembea shingo juu, polepole, hageuki.

Baba alikuwa ameshika sahani ya pilau. Akasahau kula.

"Unaangalia nini?" mama akamuuliza.

"Wewe," akasema.

Mama akamwambia afunge mdomo, nzi wataingia. Lakini nilimwona akizunguka taratibu, ili baba aone na nyuma.